Meza Mbili, Kitambaa Kimoja

Ukitoka mji wa Philadelphia, mashariki mwa Marekani, ukashika njia ya kwenda magharibi kwa mwendo wa kama kilomita 100, unaingia wilaya ya Lancaster katika jimbo la Pennsylvania. Hapo magari hupunguza mwendo. Si kwamba barabara ni mbaya. Mbele yako kuna gari la kukokotwa na farasi, la rangi ya kijivu, na ndani yake ameketi mama mwenye kofia nyeusi pamoja na watoto wake. Dereva wa lori na dereva wa basi wote hufuata mwendo wa farasi yule mpaka njia ipanuke.

Tulikuwa akina mama wanne, na tulifika huko mwezi wa Oktoba, wakati wa mavuno. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, na wanaume waliovaa kofia za ukindu walikuwa wakivuna kwa mashine zinazovutwa na mabaghala. Nyuma ya kila nyumba nguo zilianikwa kwenye kamba ndefu iliyopanda juu hadi kwenye nguzo ya ghala: magauni ya bluu na zambarau, suruali nyeusi, nguo za watoto kwa ukubwa wao. Kwa kuhesabu nguo tu tuliweza kukisia idadi ya watoto wa nyumba ile, nao hawakuwa wachache.

Nyumba nyingi zina nyumba nyingine ndogo iliyounganishwa ubavuni. Wenyeji wetu, ambao ni dada wa Kanisa la Mennonite, walitueleza kwamba humo huhamia babu na bibi wanapomwachia mtoto mmoja shamba. Hawaendi mbali, na wajukuu huvuka mlango mmoja tu kwenda kula kwa bibi. Jambo hilo halikutushangaza sana, maana hata kwetu mzee haachwi peke yake.

Hii ndiyo nchi ya Waamish, na ndiyo nchi ambayo mamilioni ya wanawake wameijua kwa kusoma riwaya.

Vitabu vyenye picha ya kofia nyeupe

Katika kijiji cha Intercourse, kando ya Barabara ya 340, kuna maduka yanayouza jamu, matandiko ya viraka na vitabu. Vitabu vile utavitambua kwa mbali. Kwenye jalada yupo msichana mwenye kofia nyeupe ya kitambaa chepesi, macho ameyainamisha, na nyuma yake kuna shamba la ngano au ghala jekundu.

Aliyezifanya hadithi hizi zijulikane sana ni Beverly Lewis, mzaliwa wa Lancaster. Mwaka 1997 kampuni ya Bethany House ilichapa kitabu chake The Shunning, maana yake "Kutengwa". Kinamhusu Katie Lapp, msichana wa Kiamish anayekaribia kuolewa na askofu mjane. Siku moja anakuta darini kigauni cha mtoto mchanga kilichoshonwa kwa satini, kitambaa ambacho mama wa Kiamish hawezi kumvika mwanawe. Kigauni kile kinafumbua siri ambayo wazazi waliomlea wameificha miaka yote: Katie si mtoto wao wa kumzaa. Anaikimbia arusi yake, kanisa linamtenga, na Rebecca, mama aliyemlea, anabaki na chumba kitupu.

Kitabu hicho kimeuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Mwandishi amesema kilitokana na habari za bibi yake mwenyewe, aliyelelewa katika kundi la Wamennonite wa desturi za kale na kuachana na watu wake alipoolewa. Baada yake walikuja waandishi wengine, kama Wanda Brunstetter na Cindy Woodsmall, na katika miaka ya 2000 rafu za maduka ya vitabu vya Kikristo huko Marekani zilijaa hadithi za namna hiyo.

Kwa nini akina mama wanazipenda? Jibu si farasi wala taa za mafuta. Ndani yake tunaona magomvi tunayoyajua. Ndugu wawili wanagombea shamba la baba. Binti anaolewa na mtu asiyekubaliwa na wazazi. Baba hataki jina la mwanawe litajwe mezani. Mama yuko katikati, akiwapenda wote na kulia jikoni akiwa peke yake. Katika kurasa za mwisho mlango unafunguliwa, aliyeondoka anarudi, na msomaji anafuta machozi.

Jambo moja yafaa lifahamike. Sehemu kubwa ya vitabu hivi haikuandikwa na Waamish wenyewe. Wapo wachache, kama Linda Byler, mama wa Kiamish wa Pennsylvania aliyeandika mfululizo wa hadithi za msichana aitwaye Lizzie. Tena Waamish wana kampuni yao ya uchapaji, Pathway Publishers, iliyoanzishwa mwaka 1964 huko Aylmer, nchini Canada, na tangu mwaka 1968 imechapa gazeti la familia liitwalo Family Life. Huko hadithi ni fupi, mapenzi ya vijana ni kidogo, na ugomvi unaosimuliwa huwa wa nyumbani: maneno makali kwa mkwe, wivu baina ya dada, deni ambalo jirani hajalipa.

Watu hawa ni akina nani?

Waamish walitokana na Wakristo wa Uswisi walioanza mwaka 1525 kubatizana wakiwa watu wazima, kwa imani kwamba ubatizo ni ahadi ambayo mtoto mchanga hawezi kuitoa. Waliteswa sana kwa ajili hiyo. Mwaka 1693 wao kwa wao waligawanyika. Kiongozi mmoja, Jakob Ammann, alishikilia kwamba aliyetengwa na kanisa atengwe pia katika maisha ya kila siku, hata katika kula. Wengine walikataa. Waliomfuata waliitwa Waamish, na waliobaki waliendelea kuitwa Wamennonite.

Kwa hiyo kundi lenyewe lilizaliwa katika ugomvi wa ndugu, na kiini kimojawapo cha ugomvi ule kilikuwa meza ya chakula.

Katika karne ya 18 walianza kuhamia Pennsylvania. Huko Ulaya hawapo tena, bali Amerika ya Kaskazini leo ni zaidi ya 400,000, na zaidi ya 40,000 kati yao wako Lancaster na viungani mwake. Hawana majengo ya kanisa. Familia kama 30 huwa usharika mmoja, na kila Jumapili ya pili hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Mabenchi huletwa na gari la farasi, na mama wa nyumba ile huwa amesugua sakafu juma zima. Wahubiri na askofu huchaguliwa kwa kura kutoka miongoni mwa wanaume wa usharika, nao hawalipwi mshahara.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna uhusiano na wilaya hii. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Lancaster walifika Shirati, kando ya Ziwa Victoria, na kazi yao ikawa chanzo cha Kanisa la Mennonite Tanzania. Waamish ni binamu za kanisa lile, ingawa binamu hawa walichagua kubaki na farasi.

Kutengwa

Neno "kutengwa" halihitaji tafsiri kwa wasomaji wetu. Katika makanisa yetu mengi tunamfahamu mtu aliyetengwa na Meza ya Bwana, na tunaijua furaha ya siku anaporudi kundini. Lakini kwetu aliyetengwa akirudi nyumbani hula ugali kwenye sinia lile lile na ndugu zake. Kwa Waamish wa Lancaster sivyo.

Kijana asiyebatizwa hatengwi. Akiondoka kabla ya ubatizo wazazi wataumia, lakini atakaribishwa kula. Anayetengwa ni yule aliyepiga magoti mbele ya usharika, akaahidi, kisha akaiacha ahadi na kukataa kutubu. Huyo anaweza kusemeshwa, na akiugua atasaidiwa. Ila washirika hawatakula naye meza moja, wala hawatapokea kitu kutoka mkononi mwake. Huko Lancaster jambo hilo hudumu maisha yote, mpaka siku atakapotubu.

Sasa mfikirie mama ambaye mwanawe wa namna hiyo amekuja kumtembelea. Chakula kiko tayari. Atafanyaje? Wenyeji wetu walitueleza desturi iliyomo katika baadhi ya nyumba, nayo imeandikwa hata na wataalamu waliochunguza maisha ya Waamish. Mama hupanga meza mbili, zikiachana kwa upana wa vidole vichache tu. Kisha hutandika kitambaa kimoja kirefu kinachozifunika zote mbili. Sheria ya kanisa imetimizwa, kwa kuwa meza ni mbili. Naye mtoto aliyeketi upande wa pili anaona kitambaa kimoja.

Tulikaa kimya tuliposikia hayo. Kisha mwenzetu mmoja akauliza, "Na yule mama aliyetandika, yeye anakaa wapi?" Hakuna aliyemjibu upesi.

Tunadhani kila mama anayesoma habari hii analijua jibu. Mama hukaa pale kwenye ufa. Mkono mmoja humpakulia mumewe, na mwingine humsogezea bakuli mwanawe. Wengine wataona kwamba kitambaa kile ni unafiki. Sisi tuliona ni kazi ya mama ambaye hana uwezo wa kubadili uamuzi wa wazee, wala hana uwezo wa kumtubisha mwanawe, lakini amekataa ufa ule uonekane kuwa neno la mwisho.

Upatanisho wenye tarehe

Katika riwaya upatanisho huja ghafla. Barua inafika, mvua inanyesha, mtu anabisha hodi. Maisha ya Lancaster ni tofauti kidogo, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi.

Waamish hushiriki Meza ya Bwana mara mbili tu kwa mwaka, wakati wa machipuko na wakati wa mavuno. Majuma mawili kabla ya siku hiyo hufanyika ibada ndefu ya matayarisho. Husomwa Mathayo sura ya 18, pale Bwana Yesu anapofundisha jinsi ya kumwendea ndugu aliyekukosea, kwanza ninyi wawili peke yenu. Kisha kila mshirika, mwanamume kwa mwanamke, huulizwa kama ana amani na Mungu na kama ana amani na usharika. Pasipo umoja, Meza ya Bwana huahirishwa.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Ugomvi wa wake wawili wa ndugu unaweza kuchelewesha ushirika wa familia 30! Kwa hiyo yale majuma ya katikati huwa ni ya kutembeleana. Wenye kinyongo hutafutana. Anayedaiwa radhi hawezi kusema "nitamwendea siku moja", kwa kuwa ile siku moja iko kwenye kalenda.

Siku ya ushirika yenyewe ibada huendelea tangu asubuhi mpaka jioni. Mwishoni huletwa ndoo za maji ya moto na mataulo, nao hutawadhana miguu wawili wawili, wanaume kwao na wanawake kwao, kisha hupeana busu takatifu. Mtu hainami kumwosha mguu mwenzake huku akimchukia. Au akifanya hivyo, dhamiri yake itamsumbua mpaka machipuko.

Yule aliyekosa, akikiri na kupokelewa tena, kosa lake halitakiwi kutajwa tena. Hilo nalo ni gumu. Kwetu tunasema wagombanao ndio wapatanao, na ni kweli. Lakini mara nyingi tunapatana mchana, na jioni tunawasimulia mashoga zetu kisa kizima tangu mwanzo.

Nickel Mines

Kusini ya Intercourse kuna mahali paitwapo Nickel Mines. Palikuwa na shule ya chumba kimoja. Leo hakuna kitu cha kuona, ni malisho tu ya ng'ombe, na hakuna bango la kuwaelekeza wageni.

Jumatano ya tarehe 2 Oktoba 1996 ilikuwa siku kama nyingine. Lakini Jumatatu ya tarehe 2 Oktoba 2006 haitasahaulika. Dereva wa lori la maziwa, mtu aliyejulikana na wakulima wa pale ingawa hakuwa Mwamish, aliingia shuleni na silaha. Aliwatoa wavulana, akawafyatulia risasi wasichana kumi. Watano walikufa. Kisha akajiua. Katika barua aliyoiacha alieleza kwamba kwa miaka tisa alikuwa amebeba hasira dhidi ya Mungu kwa ajili ya kifo cha binti yake mchanga.

Jioni ya siku ile ile baadhi ya Waamish walikwenda kwa mjane wa yule mtu na kwa wazazi wake, wakawaambia kwamba hawana kinyongo nao. Siku ya mazishi yake, Waamish walisimama makaburini pamoja na familia yake. Misaada ilipomiminika kutoka duniani kote, sehemu yake ilitengwa kwa ajili ya mjane na watoto wake. Shule ilibomolewa siku kumi baada ya msiba, na mwezi wa Aprili 2007 watoto waliingia shule mpya iliyojengwa karibu.

Dunia ilishangaa, na wengine walidhani watu hawa hawana uchungu. Sivyo. Wazazi waliohojiwa baadaye na watafiti walieleza kwamba kusamehe siku ya kwanza hakukumaliza kazi. Iliwapasa kusamehe tena kesho yake, na siku ya pili yake, na kila walipoona kitanda kitupu. Lakini mlango waliufungua siku ile ya kwanza, kabla hasira haijapata mahali pa kukaa.

Yako mengine ambayo hakuna riwaya ingethubutu kuyabuni. Mama wa yule muuaji, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa akienda kila juma kwenye nyumba ya mmojawapo wa wasichana waliojeruhiwa vibaya, aliyekuwa hawezi kutembea wala kusema. Alimwogesha, akamsomea vitabu, akamwimbia. Familia ile ilimpokea. Wanawake wawili, mama wa aliyeumiza na mama wa aliyeumizwa, walikutana kwenye beseni moja la maji.

Msamaha usiwe kifuniko

Tusingekuwa waaminifu kwenu tukiyasifu haya bila kutaja upande mwingine. Katika miaka ya karibuni baadhi ya wanawake waliolelewa katika jamii za Waamish wamesimama hadharani na kusema kwamba walidhulumiwa kimwili utotoni, na kwamba aliyewadhulumu alikiri mbele ya usharika, akatengwa kwa majuma machache, akarudishwa. Wao wakaambiwa jambo limekwisha, lisitajwe tena. Baadhi ya kesi hizo zimefika mahakamani.

Hapa akina mama tuwe macho, maana hata katika nyumba zetu maneno "yaishe" na "tusianike nguo zetu nje" yamewafunga midomo watoto wengi. Kumsamehe mtu si kumrudishia funguo za chumba cha watoto. Kinyongo ni chetu sisi, nasi twaweza kukiachilia. Lakini usalama wa mtoto si wetu kuutoa zawadi. Aliyemdhuru mtoto apelekwe panapohusika, na mtoto asikilizwe kwanza.

Tunarudi na nini nyumbani?

Hatuwaambii akina mama wenzetu wawe Waamish. Hata huko riwaya zinaposomwa kwa machozi, ziko familia ambazo meza zao bado ni mbili, na wazazi wamezikwa kabla mtoto hajarudi. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, lakini si kila nyumba inaufikia.

Hata hivyo kuna mambo mawili tuliyoyabeba. La kwanza ni tarehe. Katika makanisa yetu mengi Meza ya Bwana hutangazwa mapema. Tangazo hilo lisiwe tu la kukumbusha kufua nguo nyeupe. Liwe juma la kumtafuta wifi ambaye hamjasemezana tangu msiba wa mwaka jana, au mkwe aliyeondoka na mlango ukapigwa kwa nguvu. Nenda wewe na yeye peke yenu, bila shangazi wala mashahidi, kama Mathayo 18 inavyoelekeza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La pili ni kitambaa. Pengine ugomvi wa nyumba yako si wako kuumaliza. Baba watoto hajalainika, au kijana hataki kuomba radhi, au wazee wa ukoo wameamua. Usijione huna la kufanya. Jina la aliyeondoka liendelee kutajwa katika sala ya jioni. Sahani yake ibaki kabatini. Barua yake ijibiwe, na simu yake ipokewe. Sikukuu ikifika mpelekee chakula, hata kama atakipokea mlangoni. Meza zikiwa mbili, tandika unachoweza kutandika, na uketi pale katikati mpaka wengine wachoke na ule ufa.